Hofu, wasiwasi na msongo: kujua jina la kinachotutetemesha

Katika mtihani wangu wa kwanza wa kusema, somo la Kiingereza, nilipata 4 juu ya 20. Si kwamba sikusoma. Dakika chache kabla ya kuingia, tukiwa tumesimama kwenye varanda, nilimweleza mwenzangu sura nzima ambayo mwalimu alikuja kuniuliza. Mwenzangu aliingia, akajibu, akapata 14. Mimi niliketi, nikasikia swali, nikalielewa, kisha kinywa kikakauka. Mikono ilikuwa baridi, moyo ulipiga kama mtu anayebisha mlango usiku. Mwalimu alingoja. Akarudia swali polepole. Akangoja tena. Mwishowe akasema bila ukali: «Mwanangu, tutaonana sesio ya pili.»

Makala haya yametokana na majuma yaliyokuwa kati ya siku ile na sesio ya pili. Nilitaka kujua ni nini kilichonishika. Mimi si mganga wala mwanasaikolojia. Ni mwanafunzi wa lugha. Kwa hiyo nilianza pale mwanafunzi wa lugha anapoanzia, yaani kwenye maneno. Nimeyaandika kwa ajili ya wenzangu, hasa wale wa mwaka wa kwanza ambao hawajaingia bado katika chumba kile.

1. Tunasema nini tunapoogopa?

Jioni moja, katika nyumba tunayopanga huku Kadutu, niliwauliza wenzangu wanne wangesema nini kama wangekuwa mahali pangu. Mmoja alisema: «Niko na bwoga.» Wa pili: «Niko na stress.» Wa tatu: «Niko na mawazo mingi.» Wa nne alicheka, akasema: «Moyo inanipiga.» Watu wanne, majibu manne, na kila mmoja alidhani anasema jambo moja na wengine. Niliporudi kwenye kamusi niliona kwamba lugha yetu haichanganyi mambo kama tunavyoyachanganya sisi. Nitashika maneno manne tu.

Hofu ni neno lililotoka katika Kiarabu. Hofu huwa na kitu mbele yake: hofu ya nyoka, hofu ya mamba, hofu ya bunduki. Ukimuuliza mtu mwenye hofu «unaogopa nini?», anaweza kukuonyesha kwa kidole.

Wasiwasi pia lilitoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono, sauti ndogo inayosema sikioni. Basi wasiwasi si kitu kilicho mbele yako. Ni sauti inayokusimulia kitu ambacho hakijafika na huenda kisifike kabisa.

Woga ni wetu wa Kibantu, ndugu wa kitenzi kuogopa. Kwa Kiswahili cha kwetu tunasema bwoga. Neno hili lina hatari yake, kwa sababu ni rahisi kulivalisha mtu: woga, kisha mwoga. Hofu inapita, lakini jina la mwoga hubaki mgongoni.

Msongo limetoka kwa kusonga, yaani kubana, kukaza, kukandamiza. Ni kitenzi kile kile cha kusonga bugali: unga na maji ya moto vinakandamizwa mpaka vishikamane. Msongo wa mawazo ndio ambao wengi wetu tunauita stress.

Kisha niliona jambo ambalo sikulitafuta. Kila moja ya hali hizi ina sarufi yake. Hofu inasema kwa wakati uliopo: «nyoka anakuja». Wasiwasi unasema kwa -ki- na -ta-: «nikishindwa, watanicheka, wakinicheka, nitaacha masomo». Mtaani tungesema: «Na kama nashindwa?» Msongo unasema kwa -me- na bado: «kazi zimenijaa, bado sijalipa, bado sijalala». Tangu siku ile, ninapohisi kutetemeka, jambo la kwanza ninalofanya ni kusikiliza kitenzi. Nikisikia -na-, ninatazama mbele yangu. Nikisikia -ki-, najua kwamba ni mnong'ono. Nikisikia bado, najua kwamba mzigo umezidi.

2. «Nina hofu» si «mimi ni mwoga»

Mwingereza husema kwa kitenzi cha kuwa: yeye *ni* mwenye kuogopa. Mfaransa husema *ana* hofu, kama mtu aliye na kitabu. Sisi tunasema nina hofu, niko na bwoga. Hiyo na ni ile ile tunayoitumia tunaposema «niko na mdogo wangu». Hofu iko pamoja nami, na aliye pamoja nami si mimi.

Tazameni pia vitenzi vingine: hofu ilimwingia, ameshikwa na hofu, ameingiwa na wasiwasi. Kila mara hofu inatoka nje, inaingia, inashika. Kitu kilichoingia kina mlango wa kutokea, na mkono ulioshika unaweza kuachilia. Sisemi kwamba sarufi ni dawa. Ninasema tu kwamba baada ya mtihani ule nilikuwa nikijiambia «mimi ni mwoga, mimi si mtu wa kusema mbele za watu», na sentensi hiyo haikuniachia kazi yoyote ya kufanya. Nilipoibadilisha kuwa «niliingiwa na wasiwasi», nilikuwa na swali la kujibu: uliingia wapi?

3. Hofu: mlinzi aliye macho

Ili niweze kujibu, ni lazima nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Goma. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Anga ilikuwa nyekundu upande wa kaskazini. Mama alitushika mikono, tukatoka bila kufunga mlango. Sikumbuki kuchoka, wala sikumbuki kuwaza. Miguu ilikimbia yenyewe. Lava ilikata barabara ya kwenda Rutshuru, ikafika pembeni mwa mji, ikasimama. Siku tano baadaye, tarehe 27, viongozi waliamuru watu wa sehemu kubwa ya mji wahame, na tukatembea hadi Sake pamoja na maelfu ya wengine, magodoro kichwani.

Kilichonikimbiza usiku ule ni hofu, na ilifanya kazi yake vizuri. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1915. Mnyama anapoona hatari, mwili wake wote unajitayarisha kwa moja ya mambo mawili: kupigana au kukimbia. Leo tunajua njia kwa undani zaidi. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala inashiriki kupiga kengele. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unaenda mbio ili kupeleka damu kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mikono. Kwa kuwa damu inapungua kwenye ngozi, vidole vinakuwa baridi. Mate yanapungua na tumbo linavurugika, kwa maana mwili umeahirisha kazi ya kusaga chakula.

Someni tena orodha hiyo: moyo mbio, vidole baridi, kinywa kikavu, tumbo kuvurugika. Ndiyo yaliyonipata mbele ya mwalimu wa Kiingereza. Mwili wangu ulinitayarisha kukimbia volkano, nami nilitakiwa tu kueleza sentensi ya masharti.

Wazee wetu hawakuidharau hofu. Husemwa: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Katika sehemu yetu ya nchi, ambapo watu wengi wamesikia milio ya risasi usiku, ni vema kusema wazi kwamba kuna hofu yenye haki. Mtu anayeogopa hatari ya kweli si mgonjwa. Dawa ya hofu ya namna hiyo ni kujua: njia ya kutokea iko wapi, karatasi za muhimu ziko wapi, nani atamshika mtoto, tukipoteana tutakutana wapi. Kumwambia mtu aliye mbele ya moto avute pumzi atulie ni kumtania.

4. Wasiwasi: kengele inayolia bila moto

Tuliporudi nyumbani mwezi wa 6, ardhi ilikuwa imeacha kutetemeka, lakini sisi tuliendelea. Lori zito likipita barabarani na madirisha yakatikisika, mdogo wangu alikuwa tayari yuko nje, miguu mitupu. Usiku tulilala na viatu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: methali hii inaeleza kwa maneno machache jinsi ubongo unavyojifunza. Ubongo hauhifadhi hatari peke yake. Unahifadhi pia vilivyokuwa karibu nayo, mtikisiko, harufu, sauti, na kuvihesabu vyote kuwa hatari.

Hapo nikaelewa mlango ambao wasiwasi uliingilia katika mtihani wangu. Katika shule ya msingi, mwalimu mmoja alikuwa na desturi ya kumsimamisha mbele ya darasa mtoto aliyekosea Kifaransa, na darasa zima lilipaswa kucheka. Nilisimamishwa mara mbili. Volkano ilikuwa moja, lakini lori zimekuwa nyingi: kila mara macho ya watu yanaponigeukia na lugha si ya nyumbani, madirisha yanatikisika.

Sikuwa peke yangu katika jambo hili. Mwaka 1986 watafiti watatu, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, walichapisha makala juu ya wasiwasi katika darasa la lugha ya kigeni. Walitengeneza orodha ya sentensi 33 ambazo mwanafunzi anazikubali au kuzikataa, ili kupima wasiwasi wake. Walionyesha kwamba wasiwasi huo unafanana na mambo matatu: hofu ya kuongea na watu, hofu ya mtihani, na hofu ya kuhukumiwa vibaya na wengine. Tena walisema kwamba ni wasiwasi wa pekee, kwa sababu katika lugha ya kigeni mtu mwenye akili analazimika kujionyesha kwa maneno ya mtoto. Anayejua hesabu akikosea hesabu, amekosea hesabu. Anayekosea lugha mbele za watu anahisi kwamba ni yeye mwenyewe aliyepungua.

Lakini kwa nini nilisahau nilichokijua? Tuwaze meza ndogo. Wanasaikolojia wanaiita kumbukumbu ya kazi: ni pale akilini tunapoweka mambo machache tunayoyatumia sasa hivi. Ili kujibu swali kwa Kiingereza ninahitaji nafasi ya swali, ya wazo, ya maneno, na ya sarufi. Wasiwasi unapokuja na minong'ono yake («anaona kwamba sijui, watacheka, nitasema nini nyumbani?»), unaketi kwenye meza ile ile. Somo halikuwa limefutika. Lilikosa mahali pa kuketi.

5. Niliyoyafanya

Nitaeleza mambo matano niliyoyajaribu. Si amri. Kila mmoja atachukua linalomfaa.

La kwanza, nilijifunza kutoa pumzi. Nasema kutoa, kwa sababu watu wengi hukazia kuvuta. Mtu anapotoa pumzi polepole, moyo unapunguza mwendo kidogo. Nilivuta nikihesabu hadi 4, nikatoa nikihesabu hadi 7 au 8, kwa dakika tatu. Hakuna anayekuona ukifanya hivyo kwenye varanda. Wasiwasi hautoki wote, lakini vidole vinaanza kupata joto. Muhimu ni kuzoea mapema, siku za utulivu. Anayengoja siku ya mtihani ili ajifunze kupumua amechelewa.

La pili, niliandika minong'ono. Nilichukua karatasi, nikaigawa sehemu mbili. Kushoto niliandika kila sentensi ya wasiwasi jinsi ilivyo: «Nikikosea neno moja, mwalimu ataona kwamba sifai.» Kulia nilijibu kama ninavyoweza kumjibu mdogo wangu: «Mwalimu amesikia makosa maelfu. Neno moja linaondoa nusu alama.» Mnong'ono una nguvu kwa sababu unasemwa sikioni. Ukiandikwa kwa kalamu na kusomwa kwa sauti, mara nyingi unaonekana mdogo.

La tatu, nilikaribia kidogo kidogo. Nilikuwa na desturi ya kukaa nyuma darasani na kutazama chini ili nisiulizwe. Kila nilipokwepa nilipata nafuu ya saa moja, na hofu ikapata mwaka mwingine wa kuishi. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza habari za mtoto wa karibu miaka 3, aliyemwita Peter, ambaye aliogopa sungura. Hakumtupia sungura mikononi, wala hakumficha sungura. Alimleta kwa mbali wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, kisha akamsogeza hatua kwa hatua, siku baada ya siku, mpaka mtoto akamshika mwenyewe. Nami nilijitengenezea ngazi: kusema Kiingereza peke yangu mbele ya ukuta, kusema mbele ya mwenzangu mmoja, mbele ya watatu, kuuliza swali moja darasani kila juma, mwisho, kukaa mbele ya «juri» ya wenzangu katika ukumbi mtupu, wao wakiwa wamekunja uso. Sikupanda kidato kipya kabla kile cha chini hakijanichosha.

La nne, nilibadilisha namna ya kusoma. Zamani nilisoma daftari mara tano na kujisikia kwamba najua. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt walionyesha kwamba wanafunzi waliofunga kitabu na kujilazimisha kukumbuka walishika zaidi kuliko waliotumia muda wao kuchora ramani za mawazo huku kitabu kikiwa wazi. Jambo hili lina maana kubwa kwa mtihani wa kusema. Ukisoma kimya, umefanya mazoezi ya kusoma kimya. Nilianza kufunga daftari na kueleza somo kwa sauti, umeme ukiwa umekatika, mwenzangu akinimulika kwa simu ili aone kama nadanganya.

La tano, nilitayarisha maneno ya kununua muda. Katika lugha ya nyumbani tunayo mengi: «kwa kweli», «hapo umeuliza jambo», «ngoja nifikiri». Katika Kiingereza sikuwa na hata moja, kwa hiyo kila kimya kilikuwa shimo. Nilijifunza kwa moyo sentensi sita: ya kuomba swali lirudiwe, ya kuomba dakika ya kufikiri, ya kusema «sina uhakika na neno hili, lakini ninachotaka kusema ni hiki». Sentensi hizo ni kama mawe ya kuvukia mto. Mtu anayejua kwamba kuna jiwe mbele haogopi sana maji.

6. Msongo: mzigo si mnong'ono

Kwa majuma kadhaa niliona maendeleo, kisha nikarudi nyuma. Nilikuwa silali. Nilikasirikia watu bure. Nilidhani ni wasiwasi tena, nikavuta pumzi zangu, bila faida. Mwenzangu wa chumba, aliyenizidi miaka mitatu na ambaye ninamwita yaya, ndiye aliyenisikiliza vizuri. Akaniambia: «Wewe husemi tena *nikishindwa*. Unasema *bado, bado, bado*. Hiyo si hofu. Ni kazi nyingi.»

Alikuwa na haki. Nilikuwa nafundisha watoto wa jirani kila jioni ili nimalizie minervali. Asubuhi nilichota maji. Usiku nilisoma. Nililala saa nne. Hans Selye, aliyeleta neno la stress katika tiba, alichapisha mwaka 1936 barua fupi juu ya panya aliowatesa kwa baridi, kwa sumu, na kwa kazi ya kuwachosha. Mateso yalikuwa tofauti, lakini miili ilijibu kwa namna moja, kwa hatua tatu: kengele, kustahimili, kuishiwa nguvu. Hatua ya pili ndiyo inayodanganya. Mtu anastahimili, anajisifu kwamba anastahimili, naye anaelekea hatua ya tatu.

Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman walitofautisha njia mbili za kukabili shida: kushughulikia shida yenyewe, na kushughulikia moyo wako juu ya shida hiyo. Nilikuwa natumia njia ya pili mahali palipohitaji ya kwanza. Pumzi haipunguzi deni. Basi tuliketi, yaya na mimi, tukaandika mizigo yote. Mingine niliweza kuitua: niliacha jioni mbili za kufundisha. Mingine niliweza kuishiriki: tulipanga zamu za maji. Mingine ilihitaji kinywa: nilikwenda kwenye ofisi ya malipo kuomba kulipa kwa sehemu, jambo nililoliahirisha miezi miwili kwa aibu, na lilichukua dakika kumi. Mmoja sikuweza kuufanyia kitu: mama yangu alikuwa Goma, mbali nami, na habari hazikuwa nzuri kila siku. Kwa huo, njia ya pili ndiyo iliyofaa: kumpigia simu saa moja ya jioni, kuomba, kulia ikibidi, kisha kulala.

Ni jambo la kuwaza kwamba lugha nyingi zinakutana hapa. Msongo ni kubanwa. Dhiki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni wembamba. Neno la Kifaransa *angoisse* limetoka katika Kilatini, kwa neno la wembamba wa njia. Watu wa mbali, wasiojuana, walihisi jambo moja kifuani. Kama ugonjwa ni wembamba, basi swali la kujiuliza ni: nipanue wapi? Wakati mwingine ni pumzi, wakati mwingine ni ratiba, wakati mwingine ni kumwambia mtu mmoja.

7. Lini kutafuta msaada

Kuna mipaka ya kujitibu kwa daftari. Mtu asipolala majuma mengi, asipokula, akiacha kutoka nyumbani, akirudiwa na picha za jambo baya alilolipata kana kwamba linatokea sasa, akianza kunywa pombe ili apate usingizi, au akifikiri kwamba afadhali afe, asingoje sesio ya pili. Amwambie mtu leo, kisha aende kwa mganga. Katika miji yetu kuna vituo vinavyotibu magonjwa ya akili na ya moyo uliojeruhiwa: SOSAME hapa Bukavu, Tulizo Letu huko Goma, Joseph Guislain huko Lubumbashi. Wengi wetu tunaogopa kuonekana mlangoni mwa vituo hivyo, kwa sababu mtaa utasema «amekuwa wazimu». Lakini hakuna anayemcheka mwenye malaria kwa kwenda hospitali. Nalipenda jina la kile cha Goma. Tulizo ni kitu unachopewa unapotulizwa, na kutulizwa ni kitenzi kinachohitaji mtu mwingine.

8. Sesio ya pili

Siku ilipofika nilikuwa na vidole baridi. Ningependa kuwaambia kwamba sikuogopa, lakini haingekuwa kweli. Nilisimama kwenye varanda ile ile, nikatoa pumzi zangu. Niliingia. Mwalimu aliuliza, na kwa muda wa kupepesa jicho kinywa kilikauka kama zamani. Nikasikiliza kitenzi ndani yangu: «nikishindwa...» Nikakijua. Nikatamka sentensi yangu ya kuomba swali lirudiwe. Mwalimu alirudia. Nikaanza kusema, kwa makosa, nikajisahihisha mara mbili, nikamaliza. Alinipa 13.

Nilipotoka, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alinishika mkono, akaniuliza: «Yaya, ulifanya nini ili usiogope?» Nilimjibu kwamba niliogopa. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa. Kwa ajili yake ndipo nilipoamua kuandika haya.

Zoezi

Msomaji mwenzangu, kwa juma moja, kila utakapohisi kutetemeka, andika sentensi moja tu inayopita akilini mwako, jinsi inavyopita, katika lugha inayopitia, iwe Kiswahili, Kifaransa, Mashi au nyingine. Mwisho wa juma pigia mstari vitenzi. Panga sentensi zako katika mafungu matatu: zinazosema linatokea, zinazosema likitokea, zinazosema bado. Kwa fungu la kwanza, andika utakimbilia wapi au utafanya nini. Kwa la pili, andika jibu ambalo ungempa mdogo wako. Kwa la tatu, andika mzigo mmoja utakaoutua au kuushiriki kabla ya Jumatatu. Kisha msomee mtu mmoja unayemwamini karatasi hiyo.